Nani Anaitikia Hodi

Nyumba ya Mswahili haihitaji kengele. Ina hodi. Mgeni husimama pale anapojua bado hajavuka mpaka, akatoa sauti, akangoja. Akiitikiwa karibu, anaingia. Kimya kikizidi, atarudia mara ya pili na ya tatu, kisha mwenye adabu atageuka aende zake. Neno moja linafanya kazi ya lango, kufuli na barua ya mwaliko. Shida ni kwamba utaratibu huu ulipangwa na watu kwa ajili ya watu, na kwenye nyumba nyingi siku hizi anayeisikia hodi kwanza si mtu. Ni mbwa. Na mbwa haitikii karibu.

Wetu anaitwa Simba. Najua, hata wa jirani anaitwa Simba, na wa nyuma ya kanisa pia. Lakini sisi tuko Voi, na hapa jina hilo lina uzito wake. Tsavo iko mlangoni. Simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 walikuwa wa upande wetu huu, madume yasiyokuwa na singa, na ngozi zao sasa zimekaushwa zinatazamwa na watoto wa shule kwenye jumba la makumbusho la Chicago. Wetu pia hana singa. Ana rangi ya udongo wa Voi, sikio moja limesimama, jingine limelala, na kifua kama cha mbwa aliyetakiwa kuwa mkubwa zaidi kisha unga ukapanda bei.

Mama alimchukua akiwa mtoto baada ya mtungi wetu wa gesi kubebwa usiku. Kazi yake ilikuwa moja, na alilelewa kama mbwa wengi wa kazi wanavyolelewa: mchana kibandani, usiku anafunguliwa, chakula ni ugali na maji ya kuchemshia mifupa. Langoni tukapaka maandishi, MBWA KALI, kwa rangi iliyobaki dirishani. Mtungi wa pili haujawahi kuguswa. Kwa kazi aliyoletewa, Simba alifaulu kwa alama zote.

Ila nyumba haijengwi kwa ajili ya wezi. Wezi huja mara moja kwa miaka; wageni huja kila wiki. Mama ni mtu wa watu. Ana chama, ana jumuiya, ana watu wa kwao wanaoshuka kutoka milimani Jumanne, siku ya soko, na hawawezi kupita bila kumsalimia. Kidogo kidogo wakaanza kupita. Mama mmoja wa chama, mwenye duka la nguo, ni Mwislamu, na kwake mate ya mbwa si jambo la kufuta na kitambaa. Kwa Washafii, ambao ndio wengi huku pwani, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu hawezi kuja kunywa chai akarudi nyumbani na kazi hiyo yote. Akawa anampigia Mama simu akiwa barabarani: "Toka nje kidogo tuongee." Wakawa wanaongea wamesimama langoni, wanawake wawili wazima, kama wanaouziana kitu cha magendo.

Kisha ikaja siku ya Anti. Anti hapigi hodi. Anasema nyumba ya dadake si ofisi ya chifu. Alisukuma lango kama anavyolisukuma miaka yote, saa kumi na mbili na nusu jioni, Simba akiwa ametoka tu kufunguliwa. Hakumuuma. Alimrukia, akamwangusha na mfuko wake wa maembe, na leso ikabaki na pande mbili zisizojuana. Usiku huo Mama akatoa hukumu: mbwa asipobadilika, Desemba anaenda kwa mjomba Mwatate, akafungwe mnyororo karibu na zizi la mbuzi. Nilishawaona mbwa wa mjomba. Hawafi njaa, siwezi kusema hivyo. Lakini mnyororo una urefu wa hatua nne, na hatua hizo nne ndizo maisha yao yote.

Hapo inabidi nieleze mimi niko wapi kwenye hadithi hii. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokosekana mihula miwili mfululizo, nikarudi chumba changu cha zamani na kompyuta ya mitumba. Sasa naandika kwa malipo ya neno kwa neno. Nimeandikia wateja ambao sitawahi kuwaona kuhusu bima, matairi, mapazia, na meno ya paka. Kazi si mbaya, inalipa intaneti na nusu ya maji. Tatizo la kufanyia kazi nyumbani ni kwamba uko nyumbani wageni wakija. Na mgeni wa Kenya ana maswali matatu kwa kijana: umekua sana, unasoma wapi, unamaliza lini? Hawana nia mbaya. Ni salamu tu, kama vile kuuliza mvua imenyesha huko kwenu. Lakini swali la tatu lilikuwa linanishika kooni.

Kwa hivyo hodi iliposikika, Mama akisema "Hebu mtoe mbwa," nilimtoa mbwa, nikatoka naye. Tulikuwa tunakaa nyuma, kati ya tangi la maji na mti wa mwarobaini, yeye akinguruma, mimi nikisoma simu, mpaka viti virudishwe ndani. Mpango uliwafaa watu wote. Wageni hawakuona meno, Mama hakulazimika kujibu kwa niaba yangu. Hukumu ya Desemba ilipotoka, nilijua kwamba Simba akienda Mwatate, kule nyuma nitabaki peke yangu.

Mwezi huohuo, kwa bahati ambayo wanaolipwa kwa neno huiona mara mojamoja, nikapata kazi ya makala kumi kuhusu tabia za mbwa. Mteja alikuwa wa ng'ambo. Nilisoma mpaka macho yakawasha. Nilijifunza kwamba mtoto wa mbwa ana dirisha dogo, kama kutoka wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili au kumi na nne, ambamo ubongo wake unaandika orodha ya vitu vya kawaida duniani: miavuli, watoto, pikipiki, wanaume wenye kofia. Kitu kisichoingia kwenye orodha kitamtisha baadaye. Wiki hizo Simba alizimalizia chini ya meza ya jirani, kisha kibandani kwetu. Orodha yake ilikuwa na watu watatu na sufuria.

Nilijifunza pia kwamba kubweka si kitu kimoja. Kuna mbwa anayebweka kwa furaha, mwili wote unayumba kama mlevi. Kuna anayebweka kwa hofu, uzito ameuacha miguu ya nyuma, mkia chini, anasogea mbele hatua moja na kurudi mbili. Na kuna yule wa kuogopewa, aliyekaza mwili na kunyamaza, macho hayahami. Mkia unaotikisika si lazima uwe salamu; ukiwa juu, mgumu, unatikisika kwa haraka, huo ni onyo. Mbwa akipiga miayo na hana usingizi, akilamba midomo na hakuna chakula, akigeuza uso lakini jicho likabaki limekutazama kwa pembeni, anakuomba nafasi. Watu wengi husema mbwa aliwauma ghafla. Mara nyingi alikuwa ameshasema kwa lugha yake, tena mara kadhaa.

Simba alikuwa wa hofu. Mbwa niliyedhani ni askari alikuwa mtu mwoga aliyepewa bunduki.

Na hofu ile ilikuwa inalipwa kila siku. Voi maji ya mfereji huja yanapotaka, kwa hivyo tunategemea kijana wa mkokoteni anayeuza mitungi ya lita 20. Anafika, Simba anabweka kama nyumba inaungua, kijana anashusha mitungi, anachukua pesa yake, anaondoka. Sisi tunaona biashara. Simba anaona vita, na kila siku anashinda: nimebweka, amekimbia. Mtu wa boda akileta mzigo, vilevile. Mbwa hawezi kujua kwamba watu hawa walikuwa wanaondoka tu. Kwenye hesabu zake ametufukuzia maadui mia tatu kwa mwaka bila hata mmoja wetu kumshukuru.

Makala kumi niliziandika, nikalipwa. Lakini ushauri wenyewe ulikuwa wa nyumba za kengele. Mlaze mbwa kwenye chumba cha ziada. Weka geti dogo kwenye korido. Sisi hatuna chumba cha ziada, chumba cha ziada ni mimi. Ilibidi nitafsiri, si maneno, maisha.

Nilianza na hodi yenyewe. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, aliona mbwa wake wakitokwa mate kabla chakula hakijafika, kwa kusikia tu dalili kwamba kinakuja. Sauti yenyewe haina maana. Maana yake ni kile kinachoifuata. Kwa Simba, hodi ilifuatwa na purukushani: watu wanakimbia, mlango unabamizwa, Mama anapaza sauti, yeye anavutwa shingo. Ningebweka pia.

Nilinunua mapafu ya shilingi 50 buchani, nikayachemsha, nikayakatakata vipande vidogo kama punje za maharagwe. Nikarekodi hodi kwenye simu: yangu, ya Mama, ya dada, na ya mtoto wa jirani ambaye alidai biskuti kwanza. Kisha, hakuna mgeni, hakuna haraka, nikaicheza kwa sauti ya chini kabisa. Hodi. Kipande cha pafu. Hodi. Kipande cha pafu. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni. Siri ni hiyo sauti ya chini. Akishaanza kubweka, darasa limefungwa, kichwa kimejaa. Unarudi chini mpaka mahali anaposikia na bado anaweza kula. Siku za kwanza alisimama wima akatazama lango. Wiki ya pili, akisikia hodi, alianza kutazama lango kisha kunitazama mimi. Wiki ya tatu alikuwa hata hatazami lango. Hodi ilikuwa jina langu jipya.

Halafu nikamfundisha gunia. Ni gunia la kawaida la mahindi, nililikunja mara mbili chini ya mwarobaini, mahali anapoliona lango lakini halifikii. Akilikanyaga, anakula. Akilala, anakula zaidi. Nikafunga kamba ndefu kwenye shina, si mnyororo, na si ya kumvuta, ya kuhakikisha tu kwamba hata nikiteleza mgeni hatalipa. Mtu husahau kwamba kumwambia mbwa "wacha!" hakumwelezi afanye nini. Gunia linamweleza.

Kijana wa maji ndiye aliyekuwa mtihani. Nikamwomba kitu kimoja: afike, apige hodi, asimame bila kumkodolea Simba macho, arushe kipande cha pafu karibu na gunia, angoje mpaka Simba atulie, ndipo ashushe mitungi. Akanitazama kwa muda.

"Yaani mbwa anasoma?"

"Anasoma."

"Na wewe umetoka." Akacheka, nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli na ilikuwa nzuri. Mtaa mzima ulikuwa unajua, kumbe. Nilikuwa najificha nyuma ya tangi na habari zangu zilikuwa zimeshafika mkokotenini.

Siku zilizofuata aliendelea kurusha pafu na kuniuliza maendeleo ya mwanafunzi. Kulikuwa na siku mbaya. Siku moja alikuja amevaa koti la mvua, likawa somo jipya kabisa, tukaanza moja. Daktari wa mifugo alipokuja kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, nilimuuliza kama mbwa mzima anaweza kubadilika. Akasema, mlengo wako uwe mdogo: usitake apende wageni, taka tu wageni wasiwe dharura. Kisha akaniambia kile anachomwambia kila mwenye mbwa: chanjo kila mwaka, na mtu akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Kenya imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 mtu asife tena kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Lengo hilo halianzi Nairobi, linaanzia langoni kwa kila mwenye mbwa.

Wageni wasiwe dharura. Maneno yale niliyabeba siku nyingi, na si kwa ajili ya Simba peke yake.

Novemba, watu wa upande wa mchumba wa dada wakatuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha. Watu kumi na mmoja. Mama alitaka Simba apelekwe Mwatate wiki hiyo, asirudi. Dada, ambaye siku ilikuwa yake, akasema hapana, akae, lakini wewe ukae naye. Nikatuma ujumbe kupitia kwa dada kwenda kwa wageni wote: mkifika stejini pigeni simu, pigeni hodi langoni hata kama liko wazi, msimpapase kichwani, msimwite, msimkimbie, watoto wapite upande wa jikoni. Dada akasema ninawaandikia wakwe zake sheria za mbuga. Akautuma hivyohivyo.

Walifika saa nane. Hodi ya kwanza ilikuwa nzito, ya mzee wa kofia iliyoshonwa. Simba akainuka. Akatazama lango. Akanitazama. Nikampa pafu, akalala. Wakaingia mmojammoja, nguo mpya zikinukia sabuni ya duka, na kwa sababu nilikuwa nimekaa pale chini ya mwarobaini, mbele, palipo na watu, kila mmoja alilazimika kunisalimia. Sikuwa na tangi la kujifichia.

Mzee akaweka kiti chake upande wa pili wa ua. "Mbwa mzuri," akasema, "lakini nina udhu, tupendane kwa mbali." Nikamwambia hata yeye anapendelea hivyo. Kisha likaja, kama nilivyojua litakuja.

"Na wewe kijana, unasoma wapi?"

Ua ukanyamaza kidogo, au labda ni mimi. Mama alikuwa mlangoni na sinia la glasi. Nilimwona akifungua mdomo kunijibia.

"Sisomi, mzee. Niliacha mwaka wa tatu, karo ilikatika. Naandika, nalipwa kwa kazi ninayoandika."

Akatikisa kichwa polepole. Nikangoja hotuba. "Karo," akasema. "Mimi ilinikatikia darasa la saba." Akageukia jirani yake wakaendelea na habari za bei ya saruji. Ilikuwa imekwisha. Miaka miwili nilikuwa namtoroka jibu la sentensi mbili.

Siku haikwenda bila doa. Karibu na saa kumi, mjomba mmoja wa bwana harusi aliyechelewa alisukuma lango bila hodi, akiongea na simu. Simba alibweka, na si kidogo. Kamba ikakaza. Sikumpigia kelele. Niliamka, nikachukua gunia lake, nikaenda naye nyuma ya tangi, nikalitandika kule. Watu wengine huona kumwondoa mbwa ni kushindwa. Si kushindwa, hata mtu aliyekaa na wageni saa mbili anaruhusiwa kwenda jikoni kupumua. Nilimwacha na mfupa, nikarudi kukaa na watu.

Hiyo sehemu ya mwisho, ya kurudi, ndiyo Mama aliyoisema usiku, wakati tunaosha vyombo. Hakutaja mbwa. Alisema tu, "Leo ulikaa." Kuhusu Mwatate hakusema kitu, Desemba ikafika, ikapita, na mjomba akapata mbwa mwingine.

Simba hajawa mbwa wa kwenye kalenda. Wanaume wenye kofia bado anawapigia hesabu. Watoto wadogo simwachi nao peke yao hata dakika moja, na sitawahi, kwa sababu kuwa na uhakika na mbwa ni namna ya kumsahau. Mapafu yamepanda bei. Maneno MBWA KALI bado yako langoni, kwa ajili ya wenye mitungi ya gesi akilini, lakini chini yake nimeongeza kwa mkono: Piga hodi, ngoja. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuwahi kujua mwenyeji anaponaje mpaka nilipoona kwamba ukarimu si moyo tu. Ni gunia mahali pake, kamba ya urefu unaofaa, na jibu ulilokwisha kulitayarisha kabla swali halijafika.

Mama wa duka la nguo sasa anakunywa chai ndani, kiti chake kiko karibu na dirisha. Anti bado hapigi hodi. Lakini akifika dukani pale kona, simu yangu inalia, na sauti yake inaingia kabla sijasema halo: "Niko hapa kwa duka. Haya, mwambie huyo Simba wenu nakuja, na maembe ni yangu."